Bahasha Hii Ifungue Mwenyewe

Mwanangu Zawadi,

Usicheke kwanza. Najua ukikutana na maneno hayo mawili utafunika mdomo kwa kiganja, kama unavyofanya kanisani wageni wanapokusikia ukiniita "mama" wakashangaa. Ulinipa jina la mama yako, Faida, na tangu nikiwa mchanga ukaniita mama. Nilipojifunza kusema, ukanifundisha nikuitikie "mwanangu", na mzaha huo umekaa nasi miaka yote. Leo naomba tuufanye kweli kwa kurasa chache. Kesho alfajiri unaondoka nyumbani peke yako kwa mara ya kwanza tangu tufike Birmingham, na mzazi ambaye mtoto wake anasafiri huwa na la kumwambia. Mimi nina la kukuambia na nimeshindwa kulisema kwa mdomo, kwa hiyo naandika.

Ni Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Wewe uko hospitalini unasafisha wodi zako za mwisho kabla ya likizo, nami nimekaa jikoni. Sanduku lako liko mlangoni, nimefunga kipande cha kitenge kwenye mpini ulitambue. Mambo ya ndege, treni, dawa za presha na namba za simu yapo kwenye karatasi ya njano ndani ya pasipoti, sitayarudia hapa. Tangu Jumatatu nimeichana karatasi hiyo mara nne na kuiandika upya. Haikuwa na makosa. Nilikuwa naogopa kuandika hii.

Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma Kiswahili, kwa Biblia yako yenye jalada lililotoka, ukisema mtu asiyesoma lugha ya mama yake atasomewa na watu wengine. Sentensi hiyo nimeikumbuka mara nyingi wiki hii. Utaona kwa nini.

Wiki tatu zilizopita mama mdogo Riziki alitupigia simu ya video akitembea kando ya maji. Alikuwa anatuonyesha mji wake, Mèze, kusini mwa Ufaransa, nyumba za rangi ya mchanga, mashua chache zilizofungwa, wazee wawili kwenye benchi ambao hata hawakugeuka. Ulisema, "Riziki, hapo watu wamehama?" Akacheka, akasema ndivyo palivyo, ukipiga chafya upande mmoja wa mji, wa upande wa pili wanakuombea afya. Kisha akageuza simu kuelekea ziwani. Ukauliza, "Na kule ng'ambo iko nini? Iko mulima?"

Kabla hajajibu, mimi nikasema, "Ndiyo, na siku isiyo na upepo unaweza kuhesabu taa zake, kama tulivyokuwa tunahesabu taa za Bujumbura kutoka Uvira."

Ukanigeukia. "We ulitoka Uvira ukiwa mugongoni mwangu. Taa za Bujumbura ulizihesabu lini?"

"Nimesoma kitabuni," nikasema.

Ukaniamini. Ukamwambia dada yako, kwa fahari ile inayonitia aibu, "Huyu mama yangu anasoma, eh! Anasoma mpaka anajua na vya kwenu." Riziki hakucheka. Kwenye kile kioo kidogo niliona amesimama kabisa, upepo unampeperushia kilemba. Mwishoni mwa simu akasema, "Zawadi, kuna jambo moja nitakuuliza ukifika. Si la simu."

Usiku ule ulikuja chumbani kwangu ukaketi kwenye ukingo wa kitanda. Ukaniuliza, "Mama, Riziki anataka kuniuliza nini?" Nikasema sijui. Ukasema labda ni habari ya mazishi ya bibi tena, ukaenda kulala.

Nilijua. Maneno yale ya taa hayakutoka kitabuni. Ni yake Riziki, neno kwa neno. Aliyaandika kwenye barua aliyokutumia miaka minne iliyopita, barua ambayo hukuipata kwa sababu niliificha mimi.

Nimeandika. Sasa nimesimama, nimezunguka meza, nimekunywa maji, na bado sentensi iko pale.

Acha nikueleze ilivyokuwa. Sitaki ionekane ndogo, ila sitaki pia uisikie kwanza ukiwa umeketi kwenye meza ya mtu mwingine, kando ya maji usiyoyajua, mbele ya dada aliyekusubiri miaka minne akidhani ulimsoma ukanyamaza.

Unakumbuka tulipoanza kuishi mtaa huu wa Kingstanding, bahasha zilivyokuwa zinaanguka mlangoni? Za kaunsili ya mji, za shule, za kliniki, za umeme. Ulikuwa unazichukua kwa ncha za vidole kama kitu kilichokufa na kuzipanga juu ya friji mpaka nitoke shule. Nilikuwa na miaka saba. Nilikuwa nakaa juu ya kaunta, nazifungua kwa kisu cha siagi, nakusomea. Maneno mengine sikuyaelewa kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili, nikawa nakisia kwa kuangalia rangi ya karatasi: nyekundu ni mbaya. Tangu siku hizo hakuna barua iliyoingia nyumba hii ikafunguliwa na mtu mwingine. Hukuwahi kuniambia, "Hii usifungue." Nami sikuwahi kuuliza, "Hii nifungue?"

Kazi hiyo ilinifanya nijione mkubwa. Nakiri. Shuleni nilikuwa yule msichana anayekula chakula chake maktaba ili asitafute mtu wa kukaa naye. Nyumbani nilikuwa mdomo wa mtu mzima. Na mapema sana niligundua kwamba mdomo unaweza kuchagua. Kwenye kile kikao cha wazazi shuleni, nikiwa na miaka kumi, mwalimu alisema kwa dakika tano kwamba nina akili lakini sisemi, sichezi, ana wasiwasi nami, angependa tuzungumze na mtu wa kunisaidia. Nikakugeukia nikasema, "Anasema niko vizuri." Tukatembea mpaka kituo cha basi. Hapo ukasema, "Mwalimu amesema maneno mingi, we umesema matatu. Kingereza njo iko murefu vile?" Nikacheka, ukacheka, basi likaja. Ulijua, nadhani. Uliniacha.

Uliniacha mara nyingi, na najua sababu. Mtoto mwenye jina la mama yako hachapwi, hatukanwi. Nikivunja kitu ulikuwa unainua mkono, kisha unaushusha ukisema, "Sasa nitachapa mama yangu?" Hasira yako uliimeza kwa ajili ya jina. Nimeishi nyuma ya jina la bibi kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango, na huko nyuma ndiko nilikojifunza kudanganya bila kuogopa.

Barua ya Riziki ilikuja mwezi wa kwanza wa masika, nikiwa na miaka kumi na mitatu. Ulikuwa umelala baada ya zamu. Bahasha ilikuwa nene, ina stempu ya Ufaransa, na anwani yetu imeandikwa kwa herufi kubwa kama za mtoto. Nikaifungua kwa sababu ndivyo nilivyofanya kwa kila bahasha. Ilikuwa ya Kiswahili, kurasa tatu. Ungeweza kuisoma mwenyewe. Barua ya kwanza, kwa miaka yote ile, ambayo hukunihitaji.

Ukurasa wa kwanza alieleza alivyopata anwani yetu kupitia mtu aliyekuwa naye kambini Burundi. Wa pili ulikuwa wa mji. Aliandika kwamba ziwa la Mèze ni la maji ya chumvi, kwamba bahari iko nyuma ya ukanda mwembamba wa mchanga, lakini ukisimama ufukweni huoni bahari, unaona maji yaliyotulia na ng'ambo mlima, na mara ya kwanza alipoona taa za ng'ambo alikaa chini palepale. Alieleza kazi yake kwenye vibanda vya chaza: kutwa nzima anawabandika chaza wadogo kwenye kamba kwa saruji, mmoja mmoja, kisha kamba zinaning'inizwa majini wakue. Alisema kuna ndege wakubwa wa waridi wanaosimama kwa mguu mmoja kwenye maji ya kina kifupi, na kwamba saa nane mchana mji mzima hulala, hata mbwa. Kisha akaandika: *Njooni mkae nasi. Si kutembea, kukaa. Kazi ipo, nyumba ina chumba, shule ya mtoto iko karibu. Tumetengana vya kutosha.*

Mimi nilikomea hapo. Macho yaliendelea lakini mimi nilikomea hapo.

Nilikuwa nimepata rafiki mwezi ule. Mmoja. Msichana wa darasa langu aliyeniuliza ninasoma nini, na kesho yake akaniuliza tena. Nilikuwa nimeanza kufungua mdomo darasani. Na nikaona sanduku, nikaona shule ya Kifaransa, nikaona nimekaa tena peke yangu kwenye maktaba ambayo vitabu vyake siwezi kuvisoma. Tena nikaona jambo jingine, nalo linanitia aibu zaidi: kule wewe ungekuwa na dada yako. Usingehitaji mdomo wangu.

Ulipoamka uliona bahasha mkononi mwangu. Ukauliza, "Mama, iko nini hiyo?"

Nikasema, "Matangazo tu."

Ukasema, "Tupa basi," ukaenda kupika chai.

Sikuitupa. Niliiweka ndani ya kitabu cha hesabu, baadaye cha jiografia, baadaye cha kemia, kila mwaka kitabu kinene zaidi. Nilijiambia nitakupa mitihani ikiisha. Mara moja nilitoka nayo kabisa, siku yako ya kuzaliwa, nikashuka ngazi nikakukuta umelala kwenye kochi na sare ya kazi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Nikakuvua kile kiatu, nikakufunika, nikarudi nayo juu.

Ukurasa wa tatu niliusoma vizuri baada ya mwaka mzima. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokufanyia.

Unajua maneno ya mwisho aliyokuambia Riziki kwenye simu, bibi alipofariki kambini nikiwa na miaka minane na sisi tuko huku. Nilikuwa karibu na wewe, niliyasikia: "Ulituacha. Mama alikufa akiangalia mulango." Simu ikakatika, na baada ya hapo namba yake haikuita tena. Tangu siku hiyo, kila mwaka tarehe ile ikifika, unaingia bafuni, unafungua bomba mpaka mwisho, unakaa humo nusu saa, unatoka uso umeoshwa. Unadhani maji yanafunika sauti. Hayafuniki, mwanangu. Kuta za nyumba hii ni nyembamba.

Kwenye ukurasa wa tatu Riziki aliandika hivi. Nainakili hapa, ijapokuwa barua yenyewe iko ndani ya bahasha hii:

*Dada, lile nililosema kwenye simu ni uongo. Nilikuwa na hasira, nimechimba kaburi na watu nisiowajua, nikataka uumie kama mimi. Mama hakuangalia mlango. Aliniuliza kama Faida mdogo ameanza shule, nikasema ndiyo. Akacheka. Akasema Zawadi alifanya vizuri kwenda, angebaki ningemfukuza kwa fimbo. Akaomba uji, akanywa nusu, akalala. Ndivyo ilivyokuwa. Nisamehe kwa kukunyima hayo.*

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilikaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, nikakusikia ukiimba chini jikoni. Na sikushuka. Mwanzoni nilificha barua kwa kuogopa kuhama. Tangu siku ile nilificha kwa kuogopa uso wako. Tarehe ya bibi imefika mara tatu baada ya hapo. Mara tatu nimekaa juu ya ngazi nikisikiliza bomba, na dawa ya kilio kile iko ndani ya kitabu cha kemia, hatua kumi kutoka bafuni.

Hili ndilo kosa langu, na sina lingine kubwa kama hili. Wazazi huwaandikia watoto wao kwamba wameishi sana na wamejifunza mengi. Mimi nina miaka kumi na saba, nimejifunza hili moja. Riziki alikunyima maneno ya mama yako kwa hasira, mimi nikakunyima kwa woga. Yeye aliomba radhi baada ya miaka mitano. Mimi nimesubiri mpaka sanduku liko mlangoni.

Wala nisingesema hata sasa, pengine, kama si ile harusi iliyowakutanisha tena wewe na Riziki. Namshukuru na kumwogopa yule mgeni kutoka Ufaransa aliyekukodolea macho kanisani, akaja na sahani ya wali mkononi akakuambia, "We! Si uko ndugu ya Riziki wa Mèze? Mumefanana mpaka kutembea!" Ulishika meza. Ulipompigia Riziki usiku ule kwa namba aliyokupa, mlilia tu, mmoja huku mmoja kule, mpaka salio likaisha. Kila mtu alidhani nilikuwa nalia kwa furaha.

Jumatano nilimpelekea jirani yetu Bibi Kisumu ufunguo wa akiba, maana ndiye atakayenichungulia hizi wiki mbili. Nilimkuta jikoni kwake anasukuma chapati, nami sijui ilikuwaje, labda ni kwa sababu yeye si kanisa letu wala ukoo wetu, nikamwambia yote nikiwa nimesimama na ufunguo mkononi. Unajua anavyosema Kiswahili chake cha Wahindi wa Kisumu, cha dukani kwa baba yake.

"Hiyo barua iko wapi?"

"Chini ya kitanda. Ndani ya kitabu."

"Miaka nne?"

"Minne."

"Na wewe nalala juu yake?"

Akageuza chapati kwa vidole, hakuungua, sijui vidole vyake vimetengenezwa kwa nini. Akanisogezea sahani. "Kula kwanza," akasema. "Halafu rudisha barua ya mtu."

Nilikula chapati tatu. Nilikuwa nategemea atanigombeza, na nilipoona hanigombezi nikalia, akanipa ya nne.

Basi, mwanangu, kuna mambo machache nataka uende nayo.

Riziki atakuuliza. Labda hatakuuliza siku ya kwanza, atakupa chakula kwanza, atakuonyesha chumba. Atasubiri mji ulale mchana, mkiwa wawili. Atasema, "Zawadi, nilikuandikia. Kwa nini hukunijibu?" Nakujua. Kabla hajamaliza utasema pole. Umeishi mji huu miaka kumi na moja ukisema sori. Kwa dereva wa basi mlango ukichelewa kufunguka. Kwa yule mama aliyekukanyaga kwenye duka la vitambaa Alum Rock, wewe uliyekanyagwa ndiye uliyeomba radhi. Siku moja uliuambia sori mlango wa kioo. Nilicheka siku hiyo, lakini moyoni niliumia, kwa sababu nilijua kuna pole moja kubwa uliyoibeba kwa ajili ya bibi, na haikuwa yako.

Na hii ya barua si yako pia. Usiipokee. Mwambie, "Mtoto aliificha. Sikuijua mpaka juzi." Mwambie jina langu. Akitaka kunipigia, nitapokea simu, sitasema niko darasani. Nimeshamwandikia naye, kurasa mbili, ziko kwenye mfuko wa mbele wa sanduku pamoja na majani ya chai aliyoagiza.

Usimkasirikie yeye kwa uongo wa mlango. Ameusahihisha zamani, kwa mkono wake, kwa zile herufi kubwa za kitoto. Aliyeuacha uishi ni mimi.

Na akikuambia tena, "Kaa," usinifikirie mimi kwanza. Naandika hili nikidhani anaweza kukuambia hivyo kesho jioni, nawe ukitazama yale maji yaliyotulia ukajisikia uko nyumbani kuliko ulivyowahi kujisikia hapa, kwenye mabasi mawili na wodi za usiku. Nimeshatazama ramani ya Mèze mpaka najua kona ya duka la mikate. Nimeshakuona ukitembea pale na dada yako, mmefanana mpaka kutembea, na hakuna anayekutafsiria kitu. Kila nikiliona hilo naogopa, na kila nikiogopa nakumbuka kwamba woga huohuo ndio uliofungua bahasha ile ukasema ni matangazo. Kwa hiyo safari hii sitauacha useme. Ukitaka kurudi baada ya wiki mbili, nitakuwa uwanja wa ndege na koti lako zito. Ukitaka kukaa, niambie ukweli, nami nitajifunza kukuzoea kwa mbali. Mitihani yangu inaisha mwezi wa sita. Kifaransa ninacho kidogo.

Lakini rudi, kama unaweza. Hilo nimeshindwa kulifuta.

Unapofika pale ufukweni, angalia ng'ambo usiku usio na upepo. Hesabu taa. Riziki aliandika kwamba wewe naye mlikuwa mnashindana kuhesabu taa za Bujumbura, na bibi alikuwa anawaambia mnakosea wote wawili, ingawa yeye hakuhesabu hata moja. Mimi sikumbuki chochote cha Uvira. Nilichonacho ni cha barua ya wizi. Ningependa nikisikie kutoka kwako.

Sasa ni saa moja na robo. Ulisema leo utatoka mapema, kwa hiyo utashuka kwenye basi hapa kona muda si mrefu, umechoka, na mfuko wa yale maembe uliyosema utampelekea Riziki ijapokuwa nimekuambia kule nako yanauzwa. Nilikuwa nimekusudia kuiweka bahasha hii ndani ya sanduku, chini ya nguo, uikute ukifika. Nilishaiweka. Nimekwenda nikaitoa. Ingekuwa namna nyingine ya kuificha.

Nitakupa mkononi, ukishavua viatu, ukishakaa.

Nimeweka barua ya Riziki ndani, hii yangu juu yake, na nimelamba gundi. Ndiyo bahasha ya kwanza katika nyumba hii kukufikia ikiwa imefungwa. Sitakusomea. Sitakaa karibu nikutazame uso nijue umefika mstari gani. Nitakuwa hapahapa jikoni, mlango wazi, nikijifanya naosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Na ombi moja. Ukimaliza, ukasikia hasira inapanda, usiimeze. Usitazame jina. Bibi mwenyewe, kwa nilivyosoma, angenifukuza kwa fimbo. Hiki hakikufanywa na mama yako, kilifanywa na mtoto wako, na mtoto wako hajawahi kukaripiwa na mtu anayempenda. Nikaripie. Paza sauti, Bibi Kisumu asikie ukutani, atafurahi. Kisha, ukiwa tayari, niite kwa jina lolote litakalokuja.

Niko jikoni. Nitaitika.

Mtoto wako,
Faida